Mabadiliko ya Jeni na Magonjwa ya Kurithi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali yafuatayo ni yale ambayo wazazi, wachumba na wanafunzi hapa Dodoma huyauliza kila mazungumzo yanapofika kwenye magonjwa ya kurithi, iwe ni kwenye benchi la kliniki ya watoto au msibani. Baadhi yamejibiwa kwa urefu kwa sababu ndiyo yanayovunja ndoa za watu. Mengine yamejibiwa kwa sentensi chache kwa sababu jibu lake ni fupi.

Jeni ni nini, na badiliko la jeni ni nini?

Karibu kila seli ya mwili wa binadamu hubeba kromosomu 46, yaani jozi 23, ambapo katika kila jozi moja imetoka kwa baba na nyingine kwa mama. Kromosomu ni nyuzi za vinasaba zilizosokotwa, na vinasaba vyenyewe vimeandikwa kwa herufi nne tu za kikemia, ambazo wanasayansi huziita A, T, G na C. Maandishi anayoyatoa mzazi mmoja yana herufi zipatazo bilioni 3. Jeni ni kipande cha maandishi hayo chenye maagizo ya kutengeneza kitu fulani, mara nyingi protini, na binadamu ana jeni za protini zipatazo 20,000.

Badiliko la jeni ni tofauti iliyoingia katika maandishi: herufi moja imechukua nafasi ya nyingine, herufi imedondoka au kuongezeka, au kipande kizima kimepotea. Mengi hutokea wakati seli inapogawanyika, kwa kuwa ni lazima inakili herufi zote upya, na ingawa seli ina uhakiki mkali wa nakala zake, makosa machache huponyoka. Kila mtoto huzaliwa na mabadiliko mapya yapatayo 60 hadi 70 ambayo baba yake hana wala mama yake hana. Mengi hayaleti madhara yoyote, kwa sababu yameangukia sehemu zisizo na maagizo muhimu. Hivyo hakuna binadamu asiye na mabadiliko ya jeni, wala hakuna ukoo wenye damu safi kuliko mwingine.

Herufi moja inawezaje kuleta ugonjwa?

Vinasaba vya jeni husomwa kwa makundi ya herufi tatu tatu, na kila kundi huagiza asidi amino moja iungwe kwenye mnyororo wa protini. Jambo hili linaweza kuonyeshwa kwa sentensi ya Kiswahili yenye maneno ya herufi tatu tatu: MTI ULE UNA NTA. Badilisha herufi moja, upate MTO ULE UNA NTA. Sentensi bado inasomeka, lakini sasa inadai kwamba nta imo mtoni, na atakayeifuata atarina asali mahali pasipo nyuki. Sasa rudi kwenye sentensi ya awali, uiondoe kabisa herufi T ya kwanza, kisha uendelee kusoma kwa tatu tatu kama kawaida: MIU LEU NAN TA. Hapo herufi moja iliyodondoka imeharibu kila neno lililofuata. Aina ya tatu ni ile inayoweka nukta mahali pasipostahili, tukabaki na MTI ULE na kimya, protini ikakatika kabla ya kukamilika.

Selimundu ni kosa la aina ya kwanza, lile la MTO badala ya MTI. Katika jeni ya hemoglobini, yaani protini inayobeba oksijeni ndani ya seli nyekundu za damu, iliyoko kwenye kromosomu ya 11, kundi lililopaswa kusomeka GAG limesomeka GTG, na kwa ajili hiyo asidi amino ya sita katika mnyororo wenye asidi amino 146 imekuwa valini badala ya asidi ya glutamiki. Tofauti hii inaonekana ndogo mpaka mtu afahamu tabia za hizo mbili: asidi ya glutamiki hupatana na maji, ilhali valini huyakimbia na kutafuta mahali pa kujificha, na mahali inapopapata ni katika ubavu wa hemoglobini jirani. Hemoglobini hizo zikishaachia oksijeni hushikana na kuwa vijiti virefu ndani ya seli nyekundu, na seli ambayo ilipaswa kuwa ya mviringo na laini hupinda ikawa ngumu, yenye umbo la mundu wa kukatia nyasi. Mishipa midogo huziba, na mtoto hulia kwa maumivu ya mifupa. Seli nyekundu ya kawaida huishi siku zipatazo 120; ile iliyopinda huishi siku 10 hadi 20, na ndiyo maana mtoto huyu hupungukiwa damu daima na macho yake huwa na rangi ya manjano.

Linus Pauling na wenzake nchini Marekani walionyesha mwaka 1949 kwamba hemoglobini ya wagonjwa hawa ni tofauti na ya watu wengine, na muda mfupi baadaye, katika miaka ya 1956 na 1957, Vernon Ingram akiwa Uingereza akaipata ile asidi amino moja iliyobadilika. Selimundu ndiyo iliyowafundisha wanasayansi kwa mara ya kwanza kwamba ugonjwa mzima unaweza kutokana na kosa dogo kiasi hicho.

Kama badiliko hili ni baya, kwa nini halikutoweka?

Kwa sababu si baya kwa kila anayelibeba. Mtu aliyepata jeni ya selimundu kutoka kwa mzazi mmoja tu, ambaye kwenye karatasi ya maabara huandikwa AS (A ni nakala ya kawaida, S ni ya selimundu), huishi maisha ya kawaida, na akiwa mtoto hukingwa kwa kiasi kikubwa dhidi ya malaria kali. Daktari Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alilichapisha jambo hili mwaka 1954 baada ya kupima damu za watu wa Afrika Mashariki. Palipokuwa na malaria nyingi, wabebaji wa badiliko hili waliishi hadi kuzaa, nao wakaliacha kwa watoto wao.

Ndiyo maana badiliko hili limeenea zaidi katika Kanda ya Ziwa na ukanda wa Pwani kuliko katika nyanda kame za kati, ambako mbu hawana maji ya kutosha kwa sehemu kubwa ya mwaka. Lakini Dodoma ya leo si ile ya mababu. Tangu Serikali ihamishie shughuli zake hapa, mitaa imejaa watu kutoka Kagera, Mwanza, Tanga na Lindi, na kijana anayekutana na mchumba wake Area C au Nkuhungu anaweza kuwa anakutana na mbebaji mwenzake bila wote wawili kujua.

Sisi wazazi ni wazima. Mtoto ameutoa wapi ugonjwa?

Kwenu nyote wawili, kwa usawa. Selimundu, ualbino na magonjwa mengine mengi hufuata urithi fichika, yaani nakala moja nzima ya jeni inatosha kuufanya mwili ufanye kazi yake, na ugonjwa hujitokeza tu pale mtoto anapokosa nakala nzima kutoka pande zote mbili. Baba AS na mama AS kila mmoja hutoa nakala moja bila kuichagua, kama mtu anayerusha sarafu gizani. Uwezekano wa mtoto kupata S mbili na kuwa mgonjwa ni asilimia 25, wa kuwa mbebaji kama wazazi wake ni asilimia 50, na wa kutokuwa na S kabisa ni asilimia 25.

Hesabu hii hueleweka vibaya mara nyingi, na madhara yake ni makubwa. Asilimia 25 haimaanishi kwamba katika watoto wanne mmoja lazima awe mgonjwa, wala kwamba mkishampata mgonjwa mmoja watatu wanaofuata wamesalimika. Sarafu haina kumbukumbu. Kila mimba hurushwa upya. Kati ya wazazi wa namna hii wenye watoto wanne, karibu theluthi moja hawatakuwa na mtoto mgonjwa hata mmoja, na wapo watakaokuwa na wagonjwa wawili au watatu. Familia ya kwanza itasema kwao ugonjwa huo haupo, familia ya pili itasema imerogwa, ilhali jeni zao ni zilezile.

Ikiwa mzazi mmoja ni AS na mwingine AA, hakuna mtoto atakayeugua selimundu, ingawa takriban nusu watakuwa wabebaji. Ikiwa mmoja ni SS na mwingine AA, watoto wote watakuwa AS.

Mama mkwe anasema ugonjwa umeletwa na mke. Je, inawezekana?

Kwa selimundu na ualbino haiwezekani, kwa sababu hizo tulizozieleza: mtoto asingeugua kama baba naye asingetoa nakala yake. Yapo magonjwa mengine ambayo jeni yake iko kwenye kromosomu ya X, na hayo kweli humfikia mtoto wa kiume kupitia kwa mama, kwa kuwa mtoto wa kiume hupata X yake moja tu kutoka kwa mama na Y kutoka kwa baba. Hemofilia, ambayo huifanya damu ichelewe kuganda, ni mojawapo. Hata hapo, takriban theluthi moja ya wagonjwa wa hemofilia wanatokana na badiliko jipya ambalo halikuwahi kuwamo katika ukoo.

Upande wa baba nao una yake. Mabadiliko mapya mengi hutoka katika mbegu za kiume, kwa kuwa seli zinazozizalisha huendelea kugawanyika maisha yote, na idadi yake huongezeka kadiri baba anavyozeeka. Aina inayojulikana zaidi ya umbo fupi, ambayo mikono na miguu huwa mifupi huku kiwiliwili kikiwa cha kawaida, hutokea mara nyingi kwa watoto wa wazazi wenye kimo cha kawaida, na badiliko lake karibu daima hutokea upande wa baba. Sijawahi kusikia kikao cha ukoo kilichoitishwa kumjadili mzee aliyeoa akiwa na miaka 60 kwa sababu hiyo.

Upungufu wa G6PD ni nini?

Ni upungufu wa kimeng'enya kinachozilinda seli nyekundu za damu dhidi ya kemikali fulani, na jeni yake iko kwenye kromosomu ya X, hivyo wanaume huathirika zaidi. Mtu anaweza kuishi miaka mingi bila dalili hadi siku anapomeza dawa kama primakwini, ya malaria, au dapsoni, ya ukoma. Ndani ya siku chache mkojo hubadilika ukawa na rangi ya chai ya rangi, na mwili huishiwa nguvu kwa sababu seli nyekundu zinapasuka kwa wingi. Naftalini nazo zina hatari hiyo. Zile tembe nyeupe zinazowekwa ndani ya sanduku la khanga na vitenge ili wadudu wasitoboe nguo zinaweza kumdhuru mtoto mchanga mwenye upungufu huu, akivishwa au kufunikwa kwa nguo zilizotoka sandukuni moja kwa moja. Nguo hizo zifuliwe na kuanikwa kwanza, na aliyewahi kupata mkojo wa namna hiyo amweleze mhudumu kabla hajaandikiwa dawa ya malaria.

Wazazi wenye ngozi nyeusi wanawezaje kumzaa mtoto mwenye ualbino?

Kwa njia ileile ya urithi fichika. Aina ya ualbino iliyoenea zaidi Afrika inatokana na jeni iitwayo OCA2, iliyoko kwenye kromosomu ya 15, na badiliko lake la kawaida katika bara hili si la herufi moja: ni kipande chenye herufi zipatazo 2,700 kilichopotea kabisa. Bila protini ya jeni hiyo, seli za ngozi, nywele na macho zipo kamili katika idadi yake, ila melanini, yaani rangi ya asili ya mwili, zinayoitengeneza ni kidogo mno. Wazazi wenye nakala moja nzima kila mmoja hutengeneza melanini ya kutosha, na hakuna dalili yoyote mwilini mwao inayowatambulisha kuwa wabebaji. Mwanamke aliyejifungua mtoto wa namna hii na kutuhumiwa kwamba alitembea na mzungu amesingiziwa, kwani mtoto huyo ni ushahidi kwamba nakala moja imetoka kwa mtu mwingine aliye mbebaji, na mtu huyo karibu daima ndiye mumewe.

Macho huathirika pamoja na ngozi, kwa kuwa melanini huhitajika wakati sehemu ya jicho yenye uoni mkali inapojengwa tumboni mwa mama. Kwa hiyo miwani humsaidia mtoto kwa kiasi tu, na anahitaji kukaa dawati la mbele na kuandikiwa kwa maandishi makubwa. Kwa jua la Dodoma, ambalo halina mawingu ya kulipunguza kwa miezi mingi ya kiangazi, kofia pana, mikono mirefu na mafuta ya kukinga jua ni lazima tangu utotoni, kwani saratani ya ngozi ndiyo inayowaua wengi kabla ya uzee.

Je, kundi la damu ndilo linaloonyesha kama wachumba wanafaa kuoana?

Hapana. Makundi A, B, AB na O yanahusu alama zilizo juu ya seli nyekundu, nayo humsaidia daktari anapotaka kumwongezea mtu damu. AA, AS na SS ni aina za hemoglobini iliyo ndani ya seli. Herufi A imetumika mara mbili kwa mambo mawili tofauti, na wachumba wengi huondoka maabara wakiwa na furaha au huzuni isiyo na msingi kwa sababu hiyo.

Tukioa mbali na ukoo wetu, tutakuwa tumeepuka?

Inategemea ugonjwa. Watoto wa ndugu wawili huwa na takriban moja ya nane ya jeni zao zinazofanana kwa sababu zimetoka kwa babu na bibi mmoja, na wakioana, uwezekano wa nakala mbili za badiliko lilelile adimu kukutana huongezeka. Kwa magonjwa adimu, basi, kuoa nje ya ukoo ni kinga ya kweli. Kwa selimundu hali ni tofauti, kwa kuwa badiliko hilo si adimu: kijana wa Bukoba na binti wa Pangani, ambao hawana babu wa pamoja anayekumbukwa, wanaweza wote kuwa AS, wakati binamu wawili kutoka kijiji kikame cha Bahi wakawa wote AA. Umbali wa kilomita hausemi lolote hapa. Karatasi ya maabara ndiyo inayosema.

Je, kila badiliko la jeni ni ugonjwa?

La. Wanyama wanyonyeshao, wakishaachishwa ziwa, hupoteza uwezo wa kumeng'enya sukari ya maziwa, na watu wengi duniani wako hivyo. Wakinywa maziwa mabichi tumbo huunguruma na kuharisha. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007, ukiongozwa na Sarah Tishkoff na kuhusisha jamii za Tanzania, Kenya na Sudan, uligundua kwamba wafugaji wa maeneo haya wana mabadiliko yao wenyewe, tofauti na lile la Wazungu, yanayoiacha jeni ya kimeng'enya cha maziwa ikiendelea kufanya kazi hadi utu uzima. Yalienea katika maelfu machache ya miaka tangu mifugo ilipofika Afrika Mashariki. Mzee anayemaliza kibuyu cha maziwa kwa mkupuo naye ni mtu mwenye badiliko la jeni, ila hakuna anayempa pole.

Sumukuvu na mionzi hubadilisha jeni. Je, watoto wangu watarithi mabadiliko hayo?

Hapa ni lazima kutenganisha badiliko lililotokea katika seli ya kawaida ya mwili na lile lililotokea katika yai au mbegu ya kiume. Shamba la zabibu linalionyesha jambo hili vizuri. Katika mzabibu wa zabibu nyeusi, chipukizi moja linaweza kupata badiliko katika jeni za rangi, na tawi linalokua kutokana na chipukizi hilo likazaa zabibu nyeupe huku matawi mengine yote yakiendelea kuzaa nyeusi. Ndivyo Pinot blanc ilivyotokana na Pinot noir huko Ulaya. Mkulima wa Hombolo au Mpunguzi, kwa kuwa hupanda kwa vipande vya matawi na si kwa mbegu, akikata tawi hilo na kulipanda atapata mzabibu mweupe mzima. Binadamu hapandwi kwa tawi. Badiliko lililotokea katika seli ya ini, ngozi au pafu hufa na mwenye nalo.

Sumukuvu, ambayo hutokana na kuvu wanaoota kwenye mahindi na karanga zilizohifadhiwa zikiwa na unyevu, hufanya kazi hasa kwenye ini. Ikiliwa kidogo kidogo kwa miaka, huweza kubadilisha herufi G kuwa T mahali maalumu katika jeni inayozuia seli kugawanyika ovyo, na hiyo ni njia mojawapo ya kufikia saratani ya ini. Wasomaji wa Dodoma na Manyara wanakumbuka mwaka 2016, watu walipougua na kufa baada ya kula mahindi yenye sumu hiyo. Vifo vile vilitokana na sumu nyingi kuingia kwa pamoja na kuliua ini, jambo ambalo ni tofauti na saratani ya taratibu tunayoieleza hapa. Baba aliyepata saratani ya namna hii hakumrithisha mwanawe jeni iliyoharibika. Kama mwanawe naye ameugua, kwanza lichunguzwe ghala wanalochangia.

Ugonjwa ukijirudia katika ukoo, si ushahidi tosha kwamba ni wa kurithi?

Si ushahidi tosha, na eneo letu lina mfano mzuri kuliko mingi. Kwa vizazi kadhaa, familia nyingi za Kongwa na wilaya jirani zilikuwa na bibi kipofu, kisha mama kipofu, na wapo walioamini kwamba upofu ule uko katika damu. Ulikuwa vikope, ugonjwa wa bakteria unaosambazwa na inzi, vidole na nguo za kufutia uso, ambao watoto humpa mama na mama huwapa watoto mahali ambapo maji ya kunawa ni haba. Walichorithishana ni ukame na kitambaa kimoja. Meno ya rangi ya kahawia yanayoonekana katika vijiji vingine vya kanda hii ni jambo la namna hiyohiyo: madini ya floraidi katika maji ya kisima walichonywa wote wakiwa wadogo.

Shinikizo la damu na kisukari cha ukubwani viko katikati. Jeni nyingi huchangia, kila moja kidogo sana, na chumvi, unene, kazi ya kukaa na umri humalizia. Hakuna jeni moja ya kuilaumu.

Mjomba alilazwa Mirembe. Je, watoto wetu wataugua akili?

Magonjwa makubwa ya akili kama skizofrenia yana mchango wa jeni, ila hayafuati hesabu ya sarafu. Katika watu wote, takriban mmoja kati ya 100 huugua. Mwenye mzazi mgonjwa ana uwezekano wa takriban asilimia 10, na mwenye mjomba mgonjwa ana uwezekano mdogo zaidi ya huo. Hata pacha wa kufanana wa mgonjwa, mwenye jeni zilezile, mara nyingi haugui. Kuvunja uchumba kwa sababu ya mjomba ni kumwadhibu mtu kwa jambo ambalo huenda lisimfike kamwe.

Je, mtoto mwenye mtindio wa Down amerithi hali hiyo?

Kwa kawaida hakuirithi. Ana kromosomu ya 21 tatu badala ya mbili, kama alivyoonyesha Jérôme Lejeune wa Ufaransa mwaka 1959, na kosa hilo hutokea zaidi wakati yai linapoundwa. Uwezekano wake huongezeka kwa umri wa mama: karibu mtoto mmoja kati ya 1,500 kwa mama wa miaka 20, na mmoja kati ya 100 kwa mama wa miaka 40. Wachache tu hutokana na kromosomu zilizoungana kwa mzazi, na kipimo cha kromosomu ndicho kinachotenganisha aina hizo mbili.

Ni kipimo gani cha kuomba?

Kwa selimundu, kipimo cha haraka ambacho tone la damu huwekewa dawa ili seli zipinde kina kasoro kubwa: kinaonyesha kwamba S ipo, lakini hakitenganishi AS na SS. Mtu aliyeambiwa ana selimundu kwa kipimo hicho pekee huenda ni mbebaji mzima wa afya. Kinachohitajika ni kipimo kinachotenganisha aina za hemoglobini na kutaja kila moja kwa kiasi chake, na mwombaji asisite kulitamka ombi lake kwa maneno hayohayo.

Wengine huuliza kama kipimo cha vinasaba cha Mkemia Mkuu wa Serikali kitawaambia magonjwa yao. Kipimo hicho cha uhalali wa mzazi, ambacho husimamiwa na sheria ya vinasaba vya binadamu ya mwaka 2009, huangalia sehemu chache za maandishi ambazo herufi zake hujirudia kwa idadi tofauti kati ya mtu na mtu. Sehemu hizo zilichaguliwa kwa kutambulisha watu. Jeni ya hemoglobini haimo kabisa katika kinachosomwa.

Je, kuna tiba?

Kwa selimundu, matunzo ya kawaida yameokoa watoto wengi kuliko tiba zote za kisasa: penisilini ya kila siku hadi miaka mitano, asidi ya foliki, chanjo, kinga ya malaria, maji mengi ya kunywa na kutopuuza homa hata ya saa chache. Haidroksiyurea, dawa inayomezwa kila siku, huongeza hemoglobini F, ile ya mtoto aliye tumboni, ambayo haishikani na S. Hemoglobini hiyohiyo ndiyo inayomficha mgonjwa katika miezi sita ya kwanza ya maisha, kabla mikono na miguu haijaanza kuvimba.

Hospitali ya Benjamin Mkapa hapa Dodoma ilianza mwaka 2023 kupandikiza uloto, yaani tishu laini ya ndani ya mifupa inayotengeneza damu, kwa watoto wenye selimundu. Mtoaji anayefaa zaidi ni ndugu wa baba na mama mmoja, na uwezekano wa ndugu mmoja kulingana na mgonjwa ni asilimia 25. Mwaka huohuo Uingereza na Marekani ziliidhinisha tiba inayohariri jeni ndani ya seli za uloto za mgonjwa mwenyewe ili hemoglobini F irudi kutengenezwa, ingawa bei yake, zaidi ya dola milioni 2 za Marekani kwa mgonjwa mmoja, inaiweka mbali na karibu kila familia.

Jambo moja husahaulika katika furaha ya kupona. Uloto mpya hubadilisha damu, haubadilishi mayai wala mbegu za kiume. Kijana aliyekuwa SS na akapona kwa upandikizaji bado atampa kila mtoto wake nakala ya S, hivyo mchumba wake anapaswa kupimwa. Kuongezewa damu hakubadilishi chochote katika urithi, kwani seli nyekundu zinazoingizwa hazina hata kiini. Dawa ya mitishamba nayo, hata ikituliza maumivu, haiwezi kufika kwenye herufi moja iliyokosewa ndani ya mabilioni ya seli na kuiandika upya. Anayeitumia amweleze daktari, na asiache kliniki.

Niende kliniki nikiwa na taarifa gani?

Karatasi yenye mchoro wa ukoo: watoto wako, ndugu zako, wazazi wako na ndugu zao, babu na bibi, kwa pande zote mbili za ndoa, pamoja na umri ambao kila mmoja aliugua au kufariki. Wawekwe pia watoto waliokufa wakiwa wachanga na mimba zilizoharibika, ambao kwa desturi hatuwataji. Kwa sehemu kubwa taarifa hizi hazimo katika kadi yoyote; anazo bibi. Usimuulize kama kulikuwa na ugonjwa wa kurithi, kwa kuwa atasema haukuwapo. Muulize kama yule mtoto wake aliyefariki kabla ya kutembea alikuwa akivimba vidole vya mikono na miguu, na kama macho yake yalikuwa na rangi ya manjano.